Miguu ya Ta Silvesta na Taa Isiyochoma

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye duka la dawa pale Nyaishozi nikisubiri mvua ipungue, akaingia binti mmoja muuguzi, mgeni huku kwetu, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikaitikia. Halafu akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye yule nesi mstaafu aliyekuwa anaponya saratani kwa taa. Nikamtazama kuanzia viatu hadi kope zake za bandia. Nikamwambia hakuna aliyewahi kuponya saratani kwa taa, si mimi wala mwingine, na kama chuoni wamemfundisha hivyo basi arudi akawaambie waanze upya. Mvua ikakataa kupungua, ikabidi nimweleze yote. Sasa nawaeleza na ninyi wenzake, maana nimechoka kusingiziwa miujiza.

Kuna dawa za saratani ambazo mgonjwa anamezea nyumbani. Anapewa kule Mwanza, anarudi na vidonge vyake kijijini. Vinafanya kazi yake. Lakini kwa baadhi ya watu vinaharibu ngozi ya viganja na nyayo. Kwanza ni ganzi na kuchomachoma, kisha uvimbe. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu ukisubiri wekundu utasubiri sana, wewe tafuta weusi unaong'aa na kuvutika. Baadaye yanatoka malengelenge na ngozi inachubuka vipande vipande. Mtu mzima anashindwa kushika mpini wa jembe, anashindwa kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Hospitali yetu ililetewa kifaa kidogo cha mwanga mwekundu, cha kupunguza maumivu hayo na kuisaidia ngozi ijijenge upya. Hicho ndicho watu wanachokiita taa. Kuna waliosaidika sana, kuna waliosaidika kidogo, na kuna ambao hakikuwafaa kitu. Mtu akikuambia kinaponya kila mgonjwa, huyo ana kitu anataka kukuuzia.

Siku kilipoletwa mngedhani amekuja waziri. Kwaya iliimba, wageni walihutubia, viongozi walipanga foleni kupiga picha na boksi. Nasema boksi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifungua. Wageni walipoondoka kifaa kikafungiwa kabatini kisije kikaharibika. Huo ndio ugonjwa wa hospitali zetu, kuhifadhi kitu mpaka kife kikiwa kipya.

Wa kwanza kukitoa kabatini alikuwa katibu wa hospitali, bwana mwenye upara uliokuwa unang'aa kama sufuria ya harusi. Alisoma kwenye simu yake kwamba mwanga wa aina ile unaotesha nywele. Akakichukua kwenda nacho nyumbani, akasema anakifanyia ukaguzi. Ukaguzi ulikuwa mrefu. Kiliporudi, upara ulikuwa palepale, na nadhani ulikuwa umeongezeka kidogo kwa hasira. Wauguzi wengine nao walikuwa wanajifungia chumbani wakijimulika chunusi. Ni Daktari Anselmi, kijana aliyekuwa amehamia kwetu, aliyekaa chini akasoma maelekezo yote, akatufundisha, akakataza mchezo. Nilikuwa namcheka kwa vile viatu vyake vilivyochongoka mbele, lakini kazi alikuwa anaijua, na ninyi mkimpata daktari anayesoma maelekezo mshikilieni.

Kabla sijafika kwa Ta Silvesta, lazima nimtaje Adela. Huyu ndiye muuguzi aliyenilea nilipoanza kazi, enzi za kuchemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa. Mama mnene, mkali, hakuwa na muda na mtu. Alitufundisha kunusa. Kabla hujafungua bandeji, unainama, unanusa, unasema umepata nini. Ukikosea anakugonga vidole kwa koleo. Kidonda chenye usaha wa kijani kina harufu yake, mguu wa mwenye kisukari una yake, na mtu aliyepaka kinyesi cha ng'ombe halafu akaosha asubuhi ili asigombezwe, naye ana yake. Ninyi leo mnavaa barakoa mbili na kujipulizia manukato kabla ya zamu. Sijui mtanusa nini zaidi yenu wenyewe.

Sasa Ta Silvesta, na Ta kwa Kinyambo chetu ni namna ya kumheshimu mzee, kama Ma kwa mama. Alikuwa mzee wa upande wa Nyakakika. Baba yake alitoka Burundi kuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa, yeye akazaliwa huku, akapata shamba lake, akaoa huku, akawa wa huku. Kazi iliyompa jina ilikuwa kukanyaga ndizi. Kwa wasiojua, rubisi yetu, ile pombe ya ndizi, haianzi kwenye mashine. Ndizi za pombe zinavumbikwa shimoni mpaka ziive, zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na mwanaume aliyeosha miguu yake vizuri anaingia kukanyaga hadi juisi itoke. Kila harusi ya kuanzia Nyakakika hadi Bweranyange ilimtaka yeye. Watu walikuwa wanaisifia miguu ya Ta Silvesta kama wengine wanavyosifia sauti ya mwimbaji. Upuuzi mtupu, nilikuwa nasema, maana mimi ni Mlutheri nisiyegusa pombe, na maisha yangu yote ya kazi nimeshona vichwa vilivyopasuliwa na hiyo rubisi.

Akapata saratani ya utumbo mpana. Wakampasua Mwanza, wakampa vidonge. Baadaye akaletwa kwetu amebebwa kwenye pikipiki, nyayo zimevimba na kuchanika hadi anatembea kwa magoti ndani ya nyumba yake. Mkewe, Ma Yustina, alikuwa ameipakaza ile miguu samli nzito hadi inateleza. Daktari Anselmi akampigia mwenzake wa Mwanza, wakakubaliana vidonge visimame kwanza hadi ngozi ipumue. Mimi nikapewa kazi ya kummulika.

Nilimwamkia shikamoo, nikafuta samli yote, nikamvalisha miwani ya kukinga macho, nikavaa yangu, nikapiga magoti mbele ya miguu yake na kuwasha kifaa. Akakaa akingoja. Baada ya muda akauliza kama nimeshaanza. Nikamwambia naelekea kumaliza.

"Mbona haichomi, Sista?"

"Haitakiwi kuchoma."

"Sasa kitu kisichochoma kitaniponyaje?"

Nilimweleza kwamba mwanga ule hauna joto la kuunguza, kwamba unafanya kazi taratibu ndani ya ngozi, kwamba arudi tena na tena bila kuruka. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, ile adabu ya mtu ambaye hajaamini hata neno moja. Hawa ni watu wetu. Sindano isipouma wanasema nesi ameweka maji. Dawa isipokuwa chungu wanaongeza maradufu. Nimeona mtu akikataa plasta kwa sababu haikuwasha.

Akawa anakuja. Na kila akija miguu ilikuwa mibaya kuliko ilivyoondoka. Vidonge vimesimama, anamulikwa, anapaka mafuta ya kulainisha, na bado malengelenge mapya yanatoka. Daktari alianza kukuna kidevu. Wauguzi wakaanza kusema kifaa kibovu, katibu amekimaliza nguvu kwa upara wake.

Siku moja nikakumbuka koleo la Adela. Kabla sijawasha chochote nikainama, nikavuta barakoa chini, nikanusa nyayo za mzee wa watu. Nikapata moshi. Chini ya moshi, ndizi mbivu. Chini ya ndizi mbivu, majani ya mgomba yaliyokaushwa na moto.

Nikamuuliza kama amerudi kufanya kazi ya pombe. Akasema hapana, atakanyagaje na miguu hii. Nikamuuliza harufu ya shimo la kuvumbikia ndizi inatoka wapi basi. Hakuona haya hata kidogo. Alijibu kwa fahari, kama mtu anayetupa ujuzi tuliokosa.

"Mwanga wenu ni mbichi, Sista. Nikifika nyumbani nauivisha."

Mjue, shimo la ndizi linapashwa moto kwanza. Unawasha, moto unakolea, unatoa makaa, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika juu ili joto lisitoke. Mzee alikuwa akitoka kwangu anakwenda kukaa ukingoni mwa shimo, anaingiza miguu, na Ma Yustina anaifunika majani mpaka magotini. Anakaa humo akisali rozari. Kwa hesabu yake, mwanga baridi tuliompa ulikuwa unaiva humo pole pole. Na katika vitu vyote duniani, kitu ambacho miguu ile haikutakiwa kukutana nacho ni joto. Maji ya moto yanaidhuru, jua kali linaidhuru, buti la plastiki linaidhuru. Yeye aliipeleka jikoni kabisa.

Nilimsema siku ile. Nilimsema kwa Kiswahili, kikaisha, nikaendelea kwa Kinyambo. Nikamuuliza kama anataka kupona au anataka kupakuliwa na maharage. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema ahsante, akaondoka, na siku aliyotakiwa kurudi hakuonekana.

Hakukimbia ukali wangu, msije mkadhani hivyo. Mzee yule alikuwa ameoa mwanamke mkali kuliko mimi. Habari ilitufikia kwamba ameacha mambo yote, ya taa na ya vidonge. Mjukuu wake aliyemlea tangu mdogo alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kyerwa, na Ta Silvesta alikuwa ameapa kwamba rubisi ya kumuaga binti huyo ataikanyaga mwenyewe. Mwanza walikuwa wamesema aanze tena vidonge kwa kipimo kidogo. Yeye akasema vidonge ndivyo vilivyomlia miguu, havimezi tena. Daktari Anselmi alinieleza bila kuficha kwamba akiviacha sasa, ugonjwa una nafasi kubwa ya kurudi, na ukirudi hautaangalia ratiba ya harusi.

Nikapanda pikipiki hadi kwake. Barabara ile ya Nyakakika wakati wa mvua siwaombei. Nilifika nimejaa tope, nikakuta Ma Yustina anapukuchua maharage uani na mzee amekaa pembeni ya shimo, miguu ndani, majani juu, moshi unatoka taratibu. Alinikaribisha kama vile nimemkuta sebuleni. Wakaniletea kahawa ya kutafuna, zile buni kavu, kwenye kisahani, kama desturi. Nikatafuna, maana hata ukiwa na hasira kahawa ya mgeni huikatai. Nikamuuliza kwa nini.

"Nimekula chumvi nyingi, Sista," akasema. "Vidonge vikiniachia uhai vikanichukulia miguu, nitaufanyia nini? Mjukuu wangu anaolewa. Rubisi yake akanyage mpita njia?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za seli na utumbo. Nikaona nitapoteza mate. Nikalitazama shimo.

"Ta Silvesta, ndizi inavumbikwa ikiwa bado iko kwenye mgomba?"

"Hapana. Inakatwa kwanza."

"Wewe umeshakatwa?"

Ma Yustina aliacha kupukuchua. Mzee aliyatazama yale majani yaliyokuwa yamemfunika magoti kama ndiyo kwanza anayaona.

"Bado," akasema.

"Basi toa miguu shimoni."

Akaitoa. Tuliipoza kwa maji ya mtungini, Ma Yustina akaikausha kwa kitenge kwa kuigusagusa bila kusugua, na siku iliyofuata walikuwa kwenye benchi letu kabla sijafika. Vidonge akaanza tena, kidogo kama Mwanza walivyoagiza.

Hapa ndipo mnisikilize, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Osha miguu kwa maji ya baridi. Kausha. Usipake kitu kabla ya mwanga, si samli, si mafuta ya mgando. Mafuta ni ya baadaye. Miwani kwenu wote wawili, na usimmulike mgonjwa mahali palipo na uvimbe wa saratani. Shika kifaa karibu, sogeza polepole, usiruke kisigino kwa sababu tu kinanuka. Mwambie avae soksi laini na viatu visivyobana, aachane na buti na kandambili ngumu. Na kaa hapohapo. Nilikuwa na muuguzi mmoja kijana ambaye aliwasha kifaa, akakiweka juu ya kiti, akaenda kuchati. Kiti kilikuwa kimegeuka. Alimulika ukuta zamu nzima ya asubuhi, na nawahakikishia ukuta ule haujapata lengelenge hadi leo.

Miguu ikaanza kutulia. Maumivu ndiyo yalitangulia kupungua, ngozi ikafuata kwa ukaidi wake. Alianza kuja kwa kutembea kutoka barabarani. Watu wakaanza kusema taa, taa, taa. Kupunguziwa vidonge kulisaidia, tena sana. Kutoka shimoni kulisaidia. Mafuta na soksi vilisaidia. Taa nayo ilifanya kazi yake katikati ya hayo yote, lakini soksi hazina mtu wa kuziimbia kwaya.

Kuna jambo lingine vidonge vile vilimfanyia, vilifuta alama za vidole vyake. Alikwenda Bweranyange kusajili laini ya simu, kijana wa laini akamgandamiza vidole kwenye kile kimashine hadi akachoka, kisha akamwambia kimashine hakimtambui, pengine amekwishafariki. Mzee alirudi kwangu kuuliza, kwa dhati kabisa, kama hospitali ina taarifa hiyo. Nilimwandikia yule kijana ujumbe mfupi ambao sitaurudia hapa.

Alimaliza vidonge vyote. Wakampima Mwanza, wakasema kwa sasa hawaoni kitu, arudi kila anapoitwa. Daktari akamruhusu kukanyaga siku moja, asizidishe, aoshe na apake mafuta. Mzee akaosha miguu uani mbele ya kila mtu, kwa sabuni, akaingia kwenye mtumbwi, akakanyaga rubisi ya mjukuu wake.

Nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga binti. Nikakaa na Walutheri wenzangu upande wa soda. Wageni wa Kyerwa walikuja wengi, wamependeza, wanacheka. Vibuyu vya rubisi vikawekwa katikati na mirija yake. Na hapo nikaona kitu kilichonitia kichefuchefu kuliko usaha wowote niliowahi kuusafisha. Hakuna aliyegusa. Mmoja alisema tumbo, mwingine akasema ana dawa anakunywa. Mama mmoja wa kwaya, ambaye hajawahi kukosa rubisi kwenye msiba wala harusi, alikuwa ameshika soda kwa mikono miwili. Nyuma yangu nikasikia minong'ono: ile miguu iliyooza, saratani haijulikani inapita wapi, nani anywe. Watu wazima, wenye watoto shuleni.

Ta Silvesta alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, peku, miguu safi imetangulizwa mbele ili ionekane. Alikuwa anavitazama vile vibuyu. Mjukuu wake naye, ndani ya vazi lake zuri, alikuwa anavitazama. Nilipoona binti yule anajifuta macho kwa ncha ya vazi lake, nikasimama.

Mimi ndiye niliyeifahamu miguu ile kuliko mtu yeyote pale. Nilikuwa nimeitoa ngozi yake iliyokufa kwa koleo. Nilikuwa nimeinusa. Nikapita katikati ya viti, nikapiga goti mbele ya mzee kama heshima inavyotaka, nikachukua kibuyu kikubwa kuliko vyote, nikatia mrija mdomoni. Ilikuwa chachu, ina ladha ya moshi, na hadi leo sielewi wanaume wanaipendea nini. Nilikunywa hadi mrija ukakoroma.

Kisha mshenga wa Kyerwa, mzee mmoja mwembamba, akasogeza kiti chake mbele akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kama nesi aliyeiosha ile miguu anakunywa, yeye haoni anachoogopa. Akanyoosha mkono. Wa pili akanyoosha. Yule mama wa kwaya aliweka soda chini na kuanza kutafuta mrija.

Nilipokuwa najipangusa mdomo, kifua kinawaka, Ta Silvesta aliinama kutoka kwenye kiti chake.

"Imekuchoma, Sista?"

"Imenichoma sana."

"Basi itakuponya," akasema.

Matibabu yale yote, na mzee hakuwa amejifunza kitu.